Risala ya Kikundi cha Wahudumu wa Afya wa Kujitolea kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa wa meza kuu, wazee wetu, ndugu wananchi,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu, na zaidi kwa kufika wewe mwenyewe, kwani mara mbili zilizopita risala yetu ilipokelewa na mwakilishi.

Mheshimiwa, kikundi hiki kilizaliwa wakati wa mlipuko wa kipindupindu, majirani walipolazimika kubebana kwa machela za kuungaunga. Historia yetu ni ndefu na muda wako ni mfupi, hivyo itoshe kusema kwamba tangu hapo tumepata mafanikio makubwa: tumeifikia kila kaya, tumezima uvumi kwamba klorini ndiyo inayoleta ugonjwa, na tunamiliki vipaza sauti viwili, kimoja kikiwa kinafanya kazi.

Wapo wanaodhani kwamba kazi ya wananchi wakati wa mlipuko ni kusikiliza matangazo. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, lililopitishwa na mkutano wa kimataifa kuhusu huduma ya afya ya msingi, lilikwisha kutamka kuwa wananchi wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma za afya yao. Ebola ya Afrika Magharibi ya mwaka 2014 hadi 2016, iliyoua watu zaidi ya 11,000, ilionyesha gharama ya kulipuuza hilo: pale maiti zilipochukuliwa bila wafiwa kushirikishwa, wapo waliowaficha wagonjwa wao na kuzika kwa siri, na hali ilianza kubadilika viongozi wa dini na wazee walipohusishwa katika kupanga mazishi salama na yenye heshima.

Mheshimiwa, ombi letu ni moja tu, nalo ni ghala dogo la vifaa vya dharura, likiwa na vifaa ndani yake. Mgonjwa wa kipindupindu kikali asipotibiwa anaweza kufa ndani ya saa chache, ilhali wengi hupona wakiwahi kunyweshwa ORS, yaani maji yenye mchanganyiko wa chumvi na sukari. Vifaa vinavyoombwa leo, vikaidhinishwa kesho na kupakiwa keshokutwa, humkuta amekwisha kuzikwa. Wa kwanza kugonga mlango wake ni sisi, nasi tunagonga mikono mitupu. Katika mlipuko uliopita tulivaa mifuko ya plastiki badala ya glavu. Klorini, ambayo hupungua nguvu ikikaa kwenye joto na unyevu, ilitunzwa chini ya kitanda cha mweka hazina wetu, na siku ilipohitajika hatukuwa na hakika kama inaua vimelea au inatutuliza roho tu.

Ombi hili si geni katika ofisi yako. Mgeni rasmi mmoja alituwekea jiwe la msingi na kutuahidi ghala kabla ya mvua kuanza. Misimu minne ya mvua imekwisha kupita na jiwe bado lipo. Jana tulilifyekea majani ili ulione vizuri. Aliyemfuata alitujulisha kwamba suala letu linashughulikiwa, na neno hilo tumelihifadhi katika kumbukumbu za vikao, kwa kuwa ndilo pekee tulilopokea. Hatusemi haya kwa kulaumu.

Kwa upande wetu kiwanja kipo, mawe na mchanga tumekusanya, na mafundi ni wanachama wenyewe. Kinachotushinda ni saruji, mabati, na shehena ya kwanza ya ORS, klorini, glavu, vinyunyizio na ndoo za bomba, kama ilivyo katika orodha iliyoambatishwa. Tunaomba pia, na hili halikuwamo katika risala zilizopita kwa sababu tulidhani linaeleweka, kwamba ufunguo mmoja ubaki kwa kikundi, maana ghala linalosubiri ruhusa ya mtu aliye mbali usiku wa mlipuko halina tofauti na jiwe letu la msingi.

Mheshimiwa, baada ya hotuba yako Katibu atakuletea kitabu cha wageni. Juu ya mahali pa sahihi yako ameacha nafasi ya kuandika tarehe ambayo ujenzi utaanza.

Tunaomba kuwasilisha.