Kabla hujapanda Wundanyi

Faraj ndugu yangu,

Salaam alaykum. Huku sote wazima, joto tu ndilo linalotusumbua, na natumai Mama anaendelea vizuri na ule mguu. Najua nimenyamaza muda mrefu na una haki ya kuninunia. Ninunie baadaye. Zile picha ulizonitumia zimeninyima usingizi, ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia, kwa sababu kwenye simu utanikatiza kwa mzaha kisha utasahau yote.

Kwanza hongera. Gari ni zuri, na rangi ile nyekundu imekaa mahali pake. Datsun 240Z ya mwaka 1972, tena bado ina kabureta zake mbili! Wazee wetu wangekuwepo wangelikalia boneti. Unakumbuka walivyokuwa wakibishana barazani, huyu anasema Herrmann wa 1971, yule anasema Mehta wa 1973, na wote wawili walishinda mbio za magari za Safari Rally kwa gari hilihili? Kassim akisikia umelipata atakonda kwa wivu. Usimwambie bei.

Sasa. Uliniuliza maswali mawili, plagi gani na oili gani. Halafu ukadokeza tu, kana kwamba si kitu, kuwa mwezi ujao utapanda nalo Wundanyi, kule juu milima ya Taita, kwenye harusi ya Mwakio, na bwana harusi mwenyewe atakaa kiti cha kushoto. Hapo nikaikuza ile picha ya injini. Kule nyuma, kwenye ukuta wa injini, kuna vile vikopo vya plastiki vya mafuta ya breki. Plastiki yake huwa nyeupe inayoonyesha ndani, na mafuta mazima yana rangi ya manjano hafifu, karibu na maji. Yako, Faraj, ni chai ya rangi. Na hukuniuliza neno moja juu ya breki.

Nitakujibu ya plagi na oili, usiwe na wasiwasi, lakini kaa kwanza unisikilize.

Dukani hapa Wadi Kabir, huku Muscat, nawaona kila siku. Mtu anakuja na gari la miaka ya sabini, ananunua plagi za iridiamu, oili ya bei ya juu kuliko zote, ekzosi ya kupigia kelele. Nikimuuliza mafuta ya breki anasema mwezi ujao, inshallah. Plagi zinaleta mbio na ekzosi inaleta sauti, mafuta ya breki hayana cha kumwonyesha mtu barazani. Fundi Kombo naye najua atakwambia hayaharibiki, yanaongezwa tu yakipungua. Mheshimu fundi Kombo kwa kabureta, hapo hana mpinzani, ila kwa hili usimsikilize.

Mafuta ya breki hunywa maji. Yametengenezwa kwa glaikoli, na glaikoli huvuta unyevu wa hewani hata kupitia mipira ya hosi, gari likiwa limeegeshwa tu uani. Na hewa ya Mombasa ukiikamua inatoa maji. DOT 3, ambalo ni daraja la mafuta ya breki gari hilo lilitoka nalo kiwandani, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishaingiwa na maji kiasi cha asilimia 3.7, kipimo kinashuka mpaka 140. DOT 4 inaanzia 230, na ikilowa ni 155. Hayo ya kwako sijui yamekaa humo tangu lini, na yule mzee aliyekuuzia nina hakika hajui pia.

Sasa piga picha ya ile njia ya kushuka kutoka Wundanyi kwenda Mwatate. Uko juu karibu mita 1,400, kona juu ya kona, mmeshiba pilau, mguu uko kwenye breki muda wote. Mbele una diski, nyuma una dramu, zote zinapata moto na moto unaingia kwenye mafuta. Maji yaliyomo yanageuka mvuke. Mafuta hayabonyei, ndiyo maana nguvu ya mguu inafika kwenye gurudumu. Mvuke unabonyea. Utakanyaga pedeli itakwenda mpaka chini, na gari litaendelea na safari yake.

Ubaya wake ni kwamba jambo hili haliachi ushahidi. Ukijaliwa kusimama, ukakaa kivulini, mvuke unapoa, pedeli inarudi juu ngumu kama hakuna kilichotokea. Fundi akifika anakanyaga mara mbili, anakutazama usoni, anakuuliza mbona breki ziko sawa. Unaondoka hapo ukijiona wewe ndiye mwoga, na shida bado unayo chini ya miguu. Huku kwetu Oman, kwenye mlima wa Jabal Akhdar, polisi wana kizuizi chini, gari lisilosukumwa na magurudumu yote manne haliruhusiwi kupanda, na sababu kubwa ni huko kushuka, si kupanda. Wundanyi hakuna wa kukuzuia.

Haya, plagi.

Nunua NGK BP6ES, basi. Ndiyo plagi ya injini hiyo ya L24, ya shaba ya kawaida, bei yake ndogo. Akikupa BPR6ES chukua pia, hiyo R ni ya kuzuia makelele ya redio. Angalia tu isiwe na mkia wa 11, maana hiyo imepanuliwa mwanya wa kurukia cheche mpaka milimita 1.1, na mfumo wako wa zamani wa kutoa cheche kwa pointi ni dhaifu kwa mwanya wa namna hiyo. Wewe unataka 0.8 hadi 0.9, na uupime mwenyewe kwa geji hata kama boksi ni jipya. Na muuzaji akikosa NGK akakutolea Bosch au Champion, usilinganishe namba. NGK namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, yaani hutoa moto wake haraka, hao wengine ikipanda ni ya moto zaidi. Kuna watu wameunguza pistoni kwa hesabu hiyo.

Iridiamu si mbaya, hudumu muda mrefu, lakini gari lako kwa sasa linahitaji plagi za kukupa habari, na utakuwa unazitoa na kuzirudisha mara kwa mara. Zitoe zote sita uzipange mezani kwa mpangilio wake, moja hadi sita kuanzia mbele. Kabureta ya mbele inalisha silinda tatu za mbele, ya nyuma inalisha tatu za nyuma. Ukiona tatu za mbele zina masizi meusi makavu na za nyuma zina rangi ya kahawia hafifu, usiguse kabureta ya nyuma, ugonjwa uko mbele. Moja ikiwa imelowa oili, hiyo si habari ya plagi tena, ni ringi au sili za valvu, na tutazungumza kwa utulivu. Ikiwa nyeupe kabisa, petroli haitoshi au plagi ni ya moto mno. Huko juu Wundanyi hewa ni nyepesi, zikionyesha weusi kidogo ukirudi usishtuke.

Na tafadhali, kichwa cha injini hiyo ni alumini. Zifunge injini ikiwa baridi, kwa vidole mpaka zikae, kisha zikiwa mpya spana nusu mzunguko au zaidi kidogo, zisifike robo tatu. Yule kijana wa Kombo mwenye mikono ya ubaharia asizisogelee.

Usizinunue huko, nakutumia mimi. Za bandia zimejaa kila mahali, na nyingine maandishi yake yanafutika kwa kucha. Shee anasafiri wiki hii, nitampa boksi mbili. Mafuta ya aina yoyote sitampa, uwanja wa ndege watatusumbua bure. Hayo utanunua mwenyewe. Chukua DOT 4, chupa zilizofungwa, si ile iliyofunguliwa ambayo fundi ameiweka rafuni tangu Ramadhani. Ikishafunguliwa imeanza kunywa. Itachanganyika na DOT 3 bila ugomvi, ila sisi hatutaki kuchanganya, tunataka kutoa yote. DOT 5 usiiguse hata ukipewa bure, hiyo ni silikoni na haipatani na haya. DOT 5.1 ni glaikoli, inafaa, jina ndilo linalowachanganya watu. Na mtu asijaribu kukuongezea mafuta ya stering au oili, mipira yote ya ndani itavimba na utanunua masta silinda mpya, ile pampu kuu ya breki, ukiipata.

Namna ya kufanya unajua, lakini nakukumbusha kwa kuwa mwenzako atakayekanyaga pedeli atakuwa Kassim. Nyonya kwa sindano yale machafu kwenye vikopo, jaza mapya, kisha anza gurudumu lililo mbali kuliko yote. Usukani wako uko kulia, kwa hiyo ni nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Yeye akanyage ashikilie, wewe fungua nipeli, ile skrubu ya kutolea mafuta kwenye gurudumu, funga, ndipo aachie. Akiachia kabla hujafunga, upepo umeingia na mnaanza upya. Endelea mpaka yatoke safi, si mpaka mapovu yaishe tu, na usiache kikopo kikauke. Usisahau klachi, nayo ina kikopo chake na hutumia mafuta hayohayo. Yakidondoka kwenye ile rangi nyekundu mwaga maji palepale, yanakula rangi kuliko tindikali. Wallahi rangi hiyo ikiharibika nitalia mimi kabla yako.

Na hosi za mpira! Hizo za zamani huvimba kwa ndani, mafuta yanakwenda mbele kwa nguvu ya mguu lakini hayarudi, gurudumu linabaki limeshikwa nusunusu na linapika diski njia nzima hata hujafika mlimani. Ukiendesha kidogo kisha ukagusa rimu, moja ikawa ya moto kuliko mwenzake, ni hiyo.

Oili nitakuambia haraka, maana najua hili ndilo Kassim atalipigia kelele. Achana na 0W-20 wanazotia wenye Prius. Hiyo ni nyepesi kwa injini ya umri huo, na kuna jambo la pili. Roka za L24, zile zinazofungua valvu, zinasugua juu ya kamshafti, chuma juu ya chuma, hakuna rola. Kinachozilinda ni zinki na fosforasi iliyomo kwenye oili. Tangu 2004 oili nyepesi za kisasa zilipunguziwa fosforasi isizidi asilimia 0.08 kwa sababu inaharibu katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, na gari lako katalisti halina. Kwa hiyo 20W-50 ya kawaida kwa joto la Mombasa, ikiwezekana ile inayosema waziwazi ina zinki kwa injini za zamani, pamoja na filta mpya. Sintetiki haitakuua injini, ila sili za zamani huenda zikaanza kuvuja na utaichukia. Dawa ya kuosha injini usikubali, uchafu uliotulia ukibanduka utakwenda kuziba kichujio cha pampu. Badilisha tu mapema mara ya kwanza. Ukifungua kava la valvu tazama nyuso za kamshafti kama zimechimbika, na uwe na moyo.

Nilitaka kukwambia pia habari za Nasra na ile nyumba, lakini ni ndefu, na yeye mwenyewe amesema nisi... basi, utazisikia kwake.

Narudi kwenye breki. Ukikosa muda wa yote, plagi za zamani zitakufikisha harusini, zikikataa utasimama Maungu utachekwa na malori. Oili ya zamani nayo itakufikisha. Mafuta ya breki yale yatakufikisha pia, kwa kuwa kupanda hakuna shida. Ni kurudi. Na hata ukiyabadilisha, shuka kwa gia uliyopandia, breki iguse na kuiachia, usiilalie.

Nijibu basi: pedeli ni ngumu au ina ulaini wa sifongo? Ukipampu mara mbili inapanda juu? Vikopo vinapungua, au vimejaa siku zote? Ndani ya matairi ya nyuma kuna unyevu wowote wa mafuta? Hosi ziliwahi kubadilishwa, au yule mzee alikupa gari na dua tu? Plagi zilizomo sasa zimeandikwa nini? Mwakio anajua atapanda gari gani, na mama yake je? Na wewe umeshapata suti au utavaa ile ya harusi ya Kassim?

La hosi nijibu kabla ya Alhamisi mchana. Kama bado ni zilezile nitafute seti nzima nimpe Shee pamoja na plagi, ndege yake ni usiku.

Wako,
Mbarak