Mwanangu, nunueni padi isiyo na waya

Morogoro

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku hatujambo, mama yako anakusalimu na anasema unga alioutuma mwambie kama umefika salama.

Nimesikia PS4 ya mtumba, ile mashine ya gemu ya Sony aliyoinunua mkwe, imekuja na padi moja, kile kidude cha vitufe cha kuchezea kinachoshikwa mkononi, na sasa mnabishana kama ya pili iwe ya waya, kwa kuwa ni ya bei nafuu, au isiyo na waya. Siku ile kwenye simu nilikujibu kwa haraka, wateja walikuwa wamesimama kwenye meza yangu ya ufundi. Leo nimetulia, nataka nikueleze sawasawa, kwa sababu jambo hili linahusu sebule yako kuliko linavyohusu gemu.

Hebu iangalie sebule yenyewe. Kwenye picha uliyonitumia TV ipo upande wa mlango wa jikoni, makochi yako upande wa pili, na kiti cha mama mkwe wako kipo katikati, anapopata upepo wa dirishani. Padi ya waya itaanzia kwenye mashine, ikatize zulia, ndipo imfikie mtoto. Waya ukiwa mfupi, watoto watahamia chini ya TV, shingo juu na macho kwenye kioo. Ukiwa mrefu, utapita mbele ya miguu ya mama mkwe, na kila anayebeba chai kutoka jikoni itabidi auruke. Kumruka mtu mzima miguu sikukulea hivyo, na wewe huwalei hivyo wanao. Halafu kuna huyu mdogo, anayejifunza kusimama kwa kushika meza. Chochote kinachoning'inia atakivuta, na mwisho wa waya huo kuna mashine ya zaidi ya kilo mbili iliyokaa juu ya kichwa chake.

Hata watengenezaji walilijua hilo. Xbox ya kwanza, mashine ya gemu ya Microsoft iliyotoka mwaka 2001, waya wa padi yake ulikuwa na kiungo kinachoachia mtu akijikwaa, ili mashine isianguke. PS2 za mwaka 2000, mlizozililia mkiwa wadogo, zilikuja na padi za waya. Sony walipotoa PS3 mwaka 2006, padi iliyokuwa ndani ya boksi tayari haikuhitaji waya wakati wa kucheza, na tangu hapo hawakurudi nyuma.

Lakini faida ninayoithamini kuliko zote ni kwamba padi inamfuata mtu alipo. Juzi watoto wa kaka yako walikuja hapa na mashine yao. Mama yako alikuwa kitini na ungo mapajani, anachambua mchele. Mjukuu akamletea padi kwa mikono miwili, akapiga goti, akamwonyesha kitufe cha kupiga penalti. Mama yako akashusha ungo, akabonyeza, na mpira ulipoingia padi ikatetemeka viganjani mwake. Alicheka mpaka jirani akachungulia. Hakuinuka, hakusogezewa kiti, hakuna aliyehama mahali pake. Kwa padi ya waya asingeguswa na mchezo ule, kwa sababu hakuna ambaye angemwambia bibi asogee karibu na TV. Ndivyo gemu linavyokuwa la nyumba nzima badala ya kuwa la watoto wawili waliojikunja kwenye kona.

Na mama mkwe wako je? Yeye mkono wa kulia ulilegea tangu alipougua. PS4 ina sehemu ya ufikivu kwenye mipangilio, yaani ya kuwarahisishia watu wenye ulemavu, unaingia humo unahamisha kazi za vitufe, cha kulia kikafanya kazi kushoto. Padi nyepesi isiyovutwa na waya anaweza kuilaza pajani au juu ya mto na kutumia mkono mmoja kwa michezo myepesi. Zipo pia padi zilizoundwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu. Microsoft walitoa yao mwaka 2018, Sony wakatoa ya kwao mwaka 2023, ila hiyo ya Sony ni ya PS5, kwa mashine yenu isiwasumbue. Anzeni na hiyo mipangilio.

Mkwe amesema anaogopa umeme. Mtoe wasiwasi. Betri ya padi ya PS4 ni ndogo kuliko ya PS5. Hiyo kubwa ya PS5 ikijazwa kutoka sifuri inakula kama wati-saa 6, na uniti moja ya LUKU ni wati-saa 1000. Hata ukihesabu unaopotea njiani, uniti moja inajaza padi zaidi ya mara mia. Pasi ya nguo ndiyo ya kuogopa.

Atasema pia kwamba padi isiyo na waya inachelewa. Kwa hizi za sasa, ucheleweshaji ambao watoto wanaulalamikia mara nyingi unatoka kwenye TV, inayochukua muda kuipamba picha kabla ya kuionyesha. Ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua hali ya gemu kama ipo, uone. Padi ikikatakata, angalia mashine imewekwa wapi. Mawasiliano yake ni ya Bluetooth, yanapita kwenye masafa ya 2.4 GHz pamoja na Wi-Fi, na chuma huyazuia. Msiifungie kwenye kabati la bati wala kuificha nyuma ya TV.

Waya una mahali pake, sikatai. Kwenye banda la gemu, ambako wateja wanapokezana kuanzia asubuhi, padi ya waya haisubiri chaji na haiondoki kwenye mfuko wa mtu. Ningekuwa na banda ningeweka za waya. Ila hapa mezani kwangu, padi nyingi za waya zinazoletwa zimekatika sehemu ileile, shingoni, pale waya unapoingilia. Nyuzi za shaba zinakunjwakunjwa mpaka zinakatika kwa ndani, nje huoni kitu. Nyumbani kwenye watoto watatu hazimalizi muda mrefu.

Padi isiyo na waya nayo ina sehemu inayoumia, tundu la chaji. La PS4 ni dogo na jembamba, mtoto akicheza huku padi imechomekwa kwenye chaji na anairusharusha, linalegea. Kwa hiyo weka sheria moja: padi ikiwa kwenye chaji haichezewi. Chaji ikiisha, gemu limeisha, mtu akaoge au ashike daftari. Betri ya PS4 inadumu saa chache tu za kucheza, nawe utapata kipimo ambacho watoto hawawezi kubishana nacho kama wanavyobishana na mama yao. Usiku zichajiwe juu ya kabati, mdogo asifike. Mkiziweka muda mrefu bila kutumia, zisikae bila chaji kabisa, betri za lithiamu huharibika hivyo.

Kuiunganisha mpya ni rahisi. Washeni mashine, chomekeni padi kwa waya wa USB, bonyezeni kitufe cha PS cha katikati, taa ikitulia chomoeni. Kama haikubali, badilisheni waya kabla ya kuilaumu padi. Waya nyingi za simu za bei ya chini zinapitisha chaji tu, hazipitishi data, na watu huniletea padi nzima kabisa wakidhani imekufa. Ya kwanza itawaka bluu, ya pili nyekundu, hivyo watoto watajua ipi ni ya nani. Mashine inapokea mpaka nne.

Padi feki ni nyingi sana sokoni. Mwambie mkwe asilipe kabla hajaijaribu papo hapo dukani: vitufe vyote, mtetemo, vijiti viwili viachiwe mkono kuona kama mchezaji anatembea mwenyewe. Akiwa na shaka anipigie akiwa bado dukani. Kama hela haitoshi mwezi huu, bora msubiri, hiyo moja mtapokezana kwa sasa.

Mpe shikamoo zangu mama mkwe wako, wabusu wajukuu, na huyo mdogo msimwache peke yake karibu na ile meza.

Baba yako