PDF Yako Ni Nyepesi, Lakini Picha Zake Zimekwenda Wapi?

Sisi wachapaji kuna lalamiko lisilotuisha: kwamba tunatoza kazi isiyohitajika kwenye PDF iliyokamilika. Juzi limerudi kwa ukali zaidi. Mteja alituletea katalogi ya vitambaa ikiwa PDF. Kwenye simu yake kila ukurasa ulionekana safi. Tulipomweleza kwamba picha hazifai kuchapwa na kwamba kuzirekebisha kuna gharama yake, alituambia waziwazi kuwa tunatafuta namna ya kumwongezea bili. "Faili limeshakamilika, kazi yenu ni kuchapa. Mnakagua nini?"

Tunakagua kilichomo ndani. PDF si picha ya ukurasa. Ni maelezo ya ukurasa: weka maneno haya hapa kwa fonti hii, chora mstari huu, kisha weka picha hii yenye pikseli (nukta ndogo za rangi zinazoijenga picha) kadhaa kwa upana na kadhaa kwa kimo. Imetokana na PostScript, lugha ambayo kampuni ya Adobe iliitoa mwaka 1984 kwa ajili ya printa, na PDF yenyewe ikafuata mwaka 1993. Mwanzoni PostScript haikuweza kupokea JPEG, aina ya faili linalohifadhi picha ikiwa imebanwa ili ichukue nafasi ndogo. Picha ilimwagwa pikseli baada ya pikseli, mara nyingi kwa heksadesimali (namba zinazoandikwa kwa alama kumi na sita, 0 hadi 9 na A hadi F), na kila baiti moja ikala herufi mbili. Hebu piga hesabu ya picha inayojaza ukurasa wa A4 kwa pikseli 300 kwa inchi. Ni 2480 kwa 3508, karibu pikseli milioni 8.7. Ukizidisha kwa wino nne za uchapaji (samawati, majenta, njano na nyeusi), baiti moja kwa kila wino, unapata takriban megabaiti 35, na kwa heksadesimali 70. Hiyo ni picha moja tu. Ndiyo maana PostScript Level 2 ya mwaka 1991 ilikuja na vichujio vinavyoiwezesha printa kupokea picha ikiwa imebanwa na kuifungua yenyewe. Picha ileile ikibanwa vizuri kwa JPEG huwa megabaiti chache tu.

Kwa hiyo asituambie mtu kwamba sisi ni maadui wa kubana. Picha karibu zote tunazochapa zimebanwa. Tunachogombania ni nani amezibana, mara ngapi, na kwa njia gani.

Fungua PDF yoyote yenye picha za kamera kwa programu ya kawaida ya kuhariri maandishi. Katikati ya alama zisizosomeka utakuta mistari kama hii: /Subtype /Image, /Width 2480, /Height 3508, /BitsPerComponent 8, /Filter /DCTDecode. Neno hilo la mwisho linaiambia printa kwamba kinachofuata ni JPEG. Kazi ikifanywa vizuri, inakuwa JPEG ileile iliyotoka kwa mpiga picha, baiti kwa baiti, inayoanza na FF D8 na kuishia na FF D9. Hakuna aliyeifungua wala kuibana upya. Imevikwa tu maelezo ya PDF. Programu ya img2pdf hufanya hivyo, na kwa PostScript ilikuwepo jpeg2ps. Sisi pia ndivyo tunavyofanya: JPEG nzuri ikitufikia, inaingia kwenye ukurasa jinsi ilivyo.

Sasa njia ya mkato. Mbunifu anamkabidhi mteja PDF nzito. Barua pepe inaikataa. Mteja anatafuta tovuti ya kupunguza ukubwa wa PDF, anapandisha faili, anabofya, na baada ya sekunde chache anapata faili dogo lenye kurasa zilezile. Anafurahi, na nani asingefurahi? Lakini tovuti ile haikuwa na kitu kikubwa cha kupunguza zaidi ya picha. Imezifungua zote, ikatupa pikseli, kisha ikazibana tena kwa JPEG kali zaidi. JPEG huigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, na katika kila kipande huacha vile vitu vidogovidogo ambavyo jicho halivitilii maanani sana. Rangi huwa inapunguzwa kuliko mwanga. Ukibana mara moja kwa kiasi, huoni kitu. Ukibana juu ya kilichokwisha kubanwa, kwa nguvu, mipaka ya vile vipande inaanza kujitokeza.

Ile katalogi tuliipitisha kwenye pdfimages, programu inayoorodhesha picha zilizomo ndani ya PDF, tukamwonyesha mteja orodha kwenye skrini. Picha ya ukurasa mzima ilikuwa na upana wa 620 na kimo cha 877, pikseli 75 kwa inchi. Yaani robo ya upana na robo ya kimo: katika kila pikseli kumi na sita zinazohitajika, imebaki moja. Tukakuza sehemu ya kitambaa. Mahali ambapo nyuzi zilipaswa kuonekana palikuwa na vijiraba vya rangi moja moja, kama ubao wa drafti uliofifia. Kwa anayeuza vitambaa, nyuzi ndiyo bidhaa yenyewe! Mnunuzi angeangalia nini katika katalogi ile?

Alituomba basi "tuipandishe" iwe 300. Wengi huomba hivyo, na wengine huja wameshafanya wenyewe: wanafungua picha, wanaandika 300 kwenye kisanduku, wanahifadhi kwa ubora wa juu kabisa. Faili linanenepa, picha inabaki ilivyo. Programu imekisia pikseli za kujaza mapengo, lakini uzi uliotupwa haiujui. Dawa iliyokuwepo ilikuwa kurudi kwa mpiga picha, kuchukua JPEG za awali na kuziweka upya mahali pake, ukurasa hadi ukurasa. Hiyo ndiyo kazi tuliyoitoza, na tungeitoza tena. Ni saa za mtu aliyekaa kulinganisha kila picha na ukurasa wake, kuikata ilivyokatwa mwanzo, na kuhakikisha rangi zinalingana. Kama tungenyamaza na kuchapa, angelipia pleti (bamba za kuchapia), karatasi na wino kwa mzigo ambao asingeweza kumpa mtu, kisha alipie tena vilevile mara ya pili. Gharama ya kukagua haikaribii hata kidogo gharama ya kurudia kuchapa.

Si kila picha inataka JPEG, na hapa ndipo watu wa tasnifu na ripoti wanapoumia. Alikuja mwanafunzi na kurasa alizoskani kwa rangi, zote zimebanwa kwa JPEG. Kila herufi ilizungukwa na ukungu wa kijivu, kwa sababu JPEG imetengenezwa kwa picha za kamera na haiwezi ukingo mkali wa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe. Alidhani skana yake ni mbovu. Tulizichapisha upya kurasa zile kutoka kwenye faili lake la maandishi, na zile ambazo hazikuwa na faili tukaziskani kwa nyeusi na nyeupe tupu, pikseli 600 kwa inchi, tukazibana kwa CCITT Group 4. Huo ni ubanaji uliozaliwa kwenye faksi, na haupotezi hata nukta moja. Herufi zilikaa kama zilivyokusudiwa, na faili likawa dogo kuliko lile la JPEG. Nembo nazo tunaomba zije kama michoro ya mistari. Kama ipo ya pikseli pekee, basi iwe PNG, aina nyingine ya faili la picha, ambayo ndani ya PDF hubanwa kwa njia iitwayo Flate bila kupoteza chochote. Nembo iliyopita kwenye JPEG tunaitambua kabla ya kukuza: pembeni mwa rangi yake kuna vumbi.

Hata JPEG nzima kabisa ina mitego yake, na huko ndiko uzoefu unakolipwa. Simu nyingi hazigeuzi picha. Huandika tu ndani ya faili kwamba "hii ioneshwe ikiwa imesimama". Ukiiingiza JPEG hiyo kwenye PDF jinsi ilivyo, yale maelezo hayasomwi, na bibi harusi analala ubavu. Tunaigeuza kwa programu ya jpegtran, ambayo mara nyingi inaweza kuzungusha bila kubana upya. Kuna JPEG zilizotengenezwa kwa ajili ya intaneti, zile zinazojitokeza kwa ukungu kwanza kisha kutakata hatua kwa hatua. PDF inazikubali tangu toleo la 1.3, lakini printa ya zamani ya PostScript Level 2 inaweza kuzikataa katikati ya kazi. Hizo nazo zinapangwa upya bila kupoteza kitu.

Kisa tunachopenda kukisimulia ni cha bango lililokuja likiwa na nyuso za watu mithili ya negativu ya filamu. Kwingineko mteja alikuwa ameambiwa picha zimeharibika na apige upya. Hazikuharibika hata kidogo. Photoshop, programu ya kuhariri picha, huhifadhi JPEG za wino nne zikiwa zimegeuzwa thamani, yaani penye wino mwingi huandikwa mdogo, na PDF inapaswa kusema hivyo kwa mstari mmoja: /Decode [1 0 1 0 1 0 1 0]. Programu iliyotengeneza faili lile ilikuwa imeuacha. Tuliuongeza, nyuso zikarudi. Mstari mfupi, ndiyo, lakini kuujua kumechukua miaka ya kusoma mafaili ya watu.

Basi ukituletea kazi, tuletee picha za awali pamoja na PDF, hata kama ni nzito. Usizitume WhatsApp kama picha, maana zitapunguzwa njiani. Zitume kama nyaraka, au kwa kiungo cha hifadhi ya mtandaoni, au kwa flashi. Kuziweka kwenye zipu ni sawa kwa kuzikusanya pamoja, ila usitarajie JPEG ipungue humo. Usipige skrini ya PDF ukaifanya ukurasa mpya. Na kama ni lazima faili liwe dogo, mwambie mbunifu apunguze pale anapotoa PDF kutoka kwenye kazi ya awali, mara moja, kwa kipimo cha kazi yenyewe: 300 kwa inchi kwa kitabu au brosha, chini ya hapo kwa bango la kusomwa kutoka mbali. Nakala nyepesi ya kumwonyesha bosi kwenye simu itengenezwe kando, iandikwe "ya kuonyesha" kwenye jina lake, na ibaki huko kwenye simu.