Mwanangu, kesho cherehani inapumzika

Mama yangu mpenzi,

Umelala na mdogo wako kakulalia mkono, nimeogopa kuutoa maana wewe leo ukiguswa tu unafumbua macho unauliza kumekucha. Cherehani nimeifunika na kanga tangu saa mbili usiku, niko hapa pembeni yenu nakuandikia kwenye simu, baba yako nae katuma meseji bado wako kwenye foleni ya malori Tunduma anasema tumpigie picha simba.

Nataka tuongee kuhusu mwaka jana. Hatujawahi kuongea vizuri, mi nilisema pole mara moja nikaendelea na kazi.

Nilikuahidi sabasaba, kwenda kwenye maonyesho ya biashara ya Julai. Nikakuahidi siku ya tarehe saba yenyewe, ukaamka alfajiri ukaoga mwenyewe ukavaa lile gauni la njano ukakaa kwenye benchi pale mlangoni kwa ofisi. Na mimi nilikuwa na sketi tisa hazijaisha na shule zinafunguliwa wiki hiyohiyo, kila mzazi anataka sare ya mwanae jana. Unajua sketi ya marinda inavyosumbua umeniona, unakunja rinda moja moja unabana na pini unapiga pasi ndo unashonea mkanda wa kiunoni, ukikosea upana wa rinda moja tu yote yanakaa upande inabidi ufumue. Nikakwambia ngoja nimalize hizi mbili. Saa sita nikakwambia ngoja jua lipungue. Saa tisa umeme ukakatika, pasi ikalala na mimi nikawa mkali kwako bila sababu, nakumbuka nilichosema na naamini na wewe unakumbuka. Nilisema "haya yote nafanya kwa ajili yako".

Ukalala pale pale kwenye benchi na viatu. Nilipokubeba kukuingiza ndani nikakuvua soksi, ya kulia ikadondosha noti ya elfu moja imekunjwa ndogo kama kidonge pamoja na sarafu ya mia tano na mbili za mia mbili. Ile hela ulikuwa unaibana kwenye hela yako ya uji, siku ngapi sijui, kwa ajili ya bembea. Mwanangu nilikaa chini sakafuni. Nilizirudisha kwenye soksi kama nilivyozikuta na sijawahi kukwambia kama niliziona.

Baada ya hapo ndo ukaanza ile hesabu yako. Uliniuliza sketi moja mama unapata shilingi ngapi, nikasema ufundi elfu tano, basi toka siku ile kila kitu kwako kikawa sketi. Chipsi mayai nusu sketi. Viatu vya shule sketi nne. Watu wanacheka wanasema mtoto ana akili ya biashara huyu, mimi naumia kwa ndani, manake siku ile ya birthday ya rafiki yako ulikataa kwenda, ukasema zawadi ni sketi nzima mama utachoka. Miaka tisa hiyo. Mtoto wa miaka tisa hatakiwi kupima furaha yake kwa mgongo wa mama yake, na hayo mahesabu nilikufundisha mimi kwa lile neno langu.

Kwa hiyo nalifuta. Sio kweli kwamba yote nafanya kwa ajili yako. Kodi na chakula ndio, ada ya mdogo wako ya chekechea ndio, lakini kuna kingine sijawahi kukwambia: mimi naipenda kazi yangu. Napenda kola ikikaa sawa, napenda mtu akivaa nguo akajigeuza mbele ya kioo akanyamaza. Nilianza kukaa kwenye cherehani ya bibi yako miguu haijafika vizuri kwenye pedeli. Hata ningekuwa sina mtoto ningeshona. Kwa hiyo usije ukajiona deni, nikichoka nimechoka na kazi yangu ninayoipenda, sijachoka na wewe. Na siku nikikuangusha una haki ya kununa, nuna kabisa, usinihurumie.

Kosa langu unajua ni nini, nilikufanya mteja. Sisi mafundi tunajulikana kwa njoo kesho, unapokea oda kumi uwezo wako sita, halafu unaanza kupangua, anaepiga kelele ndo anashonewa kwanza. Wewe hukupiga kelele. Ukawa wa mwisho kwenye foleni kila wiki, sio sabasaba tu, hata zile Jumapili za kwenda kuvuka pantoni Kigamboni tukale mihogo, zote ziliishia kwa njoo kesho.

Na ujinga mwingine ni kung'ang'ania tarehe saba. Maonyesho yanaanza Juni 28 yanaisha Julai 13, siku zote hizo zipo, mimi nachagua ile ambayo mji mzima unaenda na barabara ya Kilwa haipitiki na mimi ndo oda zimenifika shingoni! Bibi yako ndo alikuwa anasisitiza siku yenyewe, kwake sabasaba ni kuzaliwa kwa chama cha TANU, Julai 7 1954, hawezi kuielewa tarehe nyingine. Nimeongea nae amekubali.

Mwaka huu nimefunga kupokea oda za sare mapema, wawili wamenuna wameenda kwa fundi mwingine, sawa tu. Na kwenye daftari la oda ukurasa wa leo nimekuandika jina lako, vipimo sikuweka, nimeandika Jumatano, siku nzima, na nimeweka tiki ya malipo.

Tutaanza na wale wanyama wa banda la Maliasili kabla jua halijawa kali maana simba akishalala hataamka kwa ajili yako. Halafu bembea. Mimi nitaomba nichungulie kidogo banda la VETA, wale wa vyuo vya ufundi, na la SIDO, wale wa viwanda vidogo, niangalie mashine, ukiona nimezidi nivute mkono, nitatoka. Usihesabu sketi kesho. Ukitaka juisi sema juisi.

Gauni la njano nimelijaribisha kwa macho nikaona linakubana kwapani, umekua. Niliacha akiba ya kitambaa kwenye mishono, nimeifumua leo jioni kabla sijafunika mashine na nimeongeza na pindo la chini vidole viwili. Liko kwenye msumari nyuma ya mlango. Soksi ziko ndani ya viatu, ile ya kulia ukiona ina kitu usishtuke, ni hela ya bembea kama ile yako ya mwaka jana, na nimeongezea.