Nyumba ya orangutani ipimwe kwa kimo

Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita kuhusu bustani za wanyama za ng'ambo iliisifu bustani moja kwa upana na usafi wa sakafu ya kizimba cha orangutani wake, yule jamaa ya sokwe mwenye manyoya mekundu. Sina ugomvi na usafi. Lakini mnyama huyu hakuumbiwa sakafu, na kumsifia nyumba kwa sakafu yake ni sawa na kulisifia jahazi kwa uzuri wa gati lilikofungwa.

Jina lake ni la Kimalay, maana yake mtu wa msituni, na huko kwao katika visiwa vya Borneo na Sumatra, Asia, maisha yake karibu yote hupita juu ya miti. Hakuna mnyama mwingine wa mitini anayemshinda kwa uzito. Dume aliyekomaa huweza kufikia kilo 90, na bado huvuka kutoka mti hadi mti, akikamata tawi hili kabla hajaliachia lile. Kila jioni hukunja matawi akajitandikia kitanda kipya, kazi ambayo mtoto hujifunza kwa mama yake kwa miaka mingi.

Nilipokuwa baharia, meli yetu ilitia nanga katika bandari moja ya Asia, nasi tukapelekwa kutazama wanyama. Tulimkuta orangutani jike katika kizimba cha zege kisichokuwa na tawi wala kamba, ila tairi moja chini. Ilipokaribia magharibi aliokota gunia kuukuu, akalitandaza, akawa anazunguka huku akikunja ukingo wake kwa ndani kidogo kidogo, kisha akaketi katikati. Hakuridhika. Aliinuka, akalikunjua, akaanza upya, na akarudia hivyo mara nne nikimtazama. Alikuwa akitandika kitanda, na vifaa hana. Wenzangu walicheka, mimi nilishindwa, na hadi leo nina wajukuu sijaisahau ile mikono.

Kumbe inawezekana kumtunza vizuri zaidi. Tangu 1995 bustani ya taifa ya wanyama mjini Washington, Marekani, ina waya nene zilizotandazwa juu ya minara, kiasi cha mita 15 kutoka ardhini, ambazo orangutani huzipita wakitaka, wageni wakiwa chini yao. Hilo la kupita wakitaka ndilo ninaloliona kubwa kuliko waya zenyewe. Tena orangutani, hasa dume, huishi sana peke yake huko porini, kwa hiyo anahitaji mahali pa kujisitiri na macho ya watu, na hata ya wenzake. Akikaa chini kutwa akilishwa, hunenepa kupita kiasi. Na kwa kuwa ana undugu wa karibu nasi, mafua yetu humpata.

Najua jibu litakuwa gharama. Minara ni ghali, nakubali, lakini matawi mabichi ya kila siku, magunia, machela zilizosukwa kwa mipira mikuukuu ya zimamoto na kamba nene zilizokazwa juu haziwezi kuifilisi bustani inayotoza kiingilio. Sisi wa Tanga, tuliolelewa kwa mkonge, hatuhitaji kuambiwa kamba inaweza kubeba mzigo gani.

Wako pia wasemao kwamba mnyama aliyezoea kizimba amekwisha kuusahau mti. Wakumbuke sokwe waliotoka Ulaya na kuachiwa katika kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria, kati ya 1966 na 1969, baada ya kuishi mikononi mwa watu. Uzao wao umo katika msitu ule hadi leo. Sokwe si orangutani, wala sisemi orangutani wa bustanini waachiwe ovyo, lakini sioni sababu ya kumnyima tawi kwa kudhani halijui tena.

Naomba, Mhariri, mwandishi wenu atakapozizuru tena bustani hizo, ainue macho atazame juu ya kizimba kuna nini, kisha aulize mnyama hupewa nini cha kutandika jioni.

Baharia mstaafu,
Chumbageni, Tanga