Barua kwa mwanangu: umewauliza wazima?

Ipagala, Dodoma

Mwanangu,

Sisi hapa wazima, isipokuwa goti la mama yako na kuku wawili. Neno hilo "wazima" nimeanza nalo makusudi. Juzi ulikuwa unamweleza mama yako utakavyofuatilia ugonjwa ukilipuka huko Chemba, nami niko barazani nasikiliza. Wagonjwa uliwataja mara kumi na moja. Ambao hawajaugua hukuwataja hata mara moja. Tangu siku hiyo silali vizuri, na Jumatatu, siku ya kuondoka kwako, ndiyo hiyo inakuja.

Cheti chako kimetiwa fremu, kiko sebuleni, na kila mgeni anakisoma atake asitake. Najua umesoma kuliko mimi. Lakini mtu anaweza kufaulu mtihani wa epidemiolojia, elimu ya kufuatilia chanzo cha magonjwa, akaenda kijijini akahesabu wagonjwa tu kama anayehesabu mbuzi.

Habari za John Snow, daktari aliyechora ramani ya vifo vya kipindupindu akashuku maji ya pampu ya Broad Street, London, mwaka 1854, sikurudii. Ila nyie vijana mkishaona ile ramani ya vifo mnafunga daftari. Jirani na pampu ile kulikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa kipindupindu. Walikuwa wakinywa bia yao, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Karibu na hapo palikuwa na nyumba ya maskini yenye watu 535, nao wakafa 5 tu, katikati ya mtaa uliokuwa unazika kila siku. Nayo ilikuwa na kisima chake. Hao wazima ndio waliotoa ushahidi. Vifo peke yake vilionyesha mahali tu, na mahali pana mambo mengi: hewa, mitaro, bucha, maji.

Halafu kuna kasisi Henry Whitehead, ambaye alianza kazi akiwa hamwamini Snow. Akapita nyumba kwa nyumba akiuliza wote, waliougua na wasiougua. Kati ya watu 137 waliokunywa maji ya pampu, 80 waliugua. Kati ya 297 ambao hawakunywa, waliugua 20. Yaani 58 kwa mia dhidi ya 7 kwa mia, zaidi ya mara nane. Mpinzani akageuzwa na hesabu yake mwenyewe. Na mpini wa pampu ulipong'olewa tarehe 8 Septemba, ugonjwa ulikuwa umeshaanza kushuka. Kwa hiyo usije ukafunga kisima, wagonjwa wakapungua, ukajipigia makofi. Magonjwa mengine hushuka yenyewe. Ulinganisho wa waliokunywa na wasiokunywa ndio utakaokutetea.

Sasa sikiliza. Ukifika, kwanza andika nani anahesabiwa mgonjwa: mtu, mahali, wakati, dalili. Kwa mfano, "mkazi wa kijiji hiki ambaye tangu tarehe 1 Mei amepata macho ya njano au tumbo kujaa maji". Anza na maelezo mapana, utayabana baadaye. Orodha iwe mstari mmoja kwa mtu mmoja: namba, umri, jinsia, kitongoji, tarehe dalili zilipoanza. Tarehe ya kufika zahanati iweke safu yake, usiichanganye na hiyo. Mtu anaweza kukaa nyumbani siku sita akinywa mitishamba, na ukitumia siku aliyofika, chati yako itaonyesha mlipuko ulioanza siku ya gulio, kumbe ni siku walipopata usafiri. Hayo unayajua, napita.

Wazima ndipo pa kukaa. Chukua wawili au watatu kwa kila mgonjwa. Ukizidisha wanne unachosha miguu bila kuongeza ushahidi wa maana. Usiwaokote kwenye benchi la zahanati, wale wameletwa na shida nyingine. Kama unachunguza chakula, usichukue wanaokula chungu kimoja na mgonjwa, maana hutaona tofauti. Weka kanuni ya kuchagua nyumba kabla hujatoka ofisini, labda kila nyumba ya tano kuanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji, na uishike. Ukikuta mlango umefungwa, rudi jioni. Usihamie nyumba ya pili kwa sababu tu kuna mtu amekupa kigoda. Wanaopatikana saa sita mchana ni wazee na watoto. Wenye nguvu wako shamba, na hao wanakula vingine.

Swali liwe lile lile, kwa maneno yale yale. Usimuulize mgonjwa "yale mahindi mabovu" halafu mzima ukamuuliza "mahindi". Mgonjwa ameshakaa wiki nzima akijiuliza alikosea wapi, kwa hiyo anakumbuka kila tonge. Mzima hana sababu ya kukumbuka. Mtajie siku zile zile: kabla ya mnada, baada ya msiba wa fulani.

Tuseme una wagonjwa 20 na wazima 40. Waulize habari za mlenda. Wagonjwa wote 20 watasema wamekula. Ukiishia hapo utaandika ripoti kwamba mlenda unaua, na mkoa mzima utakucheka. Wazima nao 40 kati ya 40 wamekula, basi mlenda hauna kesi. Sasa waulize mahindi yaliyolowa ghalani. Wagonjwa 16 wamekula, 4 hapana. Wazima 12 wamekula, 28 hapana. Zidisha 16 kwa 28, upate 448. Zidisha 4 kwa 12, upate 48. Gawanya: 9 na ushee. Yaani kwa wagonjwa, waliokula ukiwagawa kwa wasiokula, jibu ni mara 9 na ushee ya lile la wazima. Hapo una jambo la kumwambia mganga mkuu wa wilaya. Ila usiseme "16 kati ya 28 waliokula waliugua", kwa sababu idadi ya wazima umeipanga wewe mwenyewe, si ya kijiji. Na kama umewafunga jozi jozi na wagonjwa wao, hesabu yake ni nyingine. Muone mtakwimu kabla hujaandika.

Mfano wa mahindi sikuutoa hewani. Juni 2016, hapa Dodoma na Manyara, watu walianza kuvimba matumbo, kutapika na kuwa na macho ya njano. Wakahesabiwa wagonjwa 68, wakafa 20. Ilikuwa sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu, kwenye mahindi ya nyumbani. Haiambukizi, na haiishi kwa kupikwa. Aliyekuja na jibu la ugonjwa wa kuambukiza mfukoni angepulizia dawa kijiji kizima, na watu wangeendelea kula. Ukichukua sampuli, usichote kiganja juu ya gunia. Sumu hukaa kwa mabaka. Chota kidogo kidogo juu, katikati, chini na pembeni, changanya, saga, ndipo upeleke. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa nchini ni mikrogramu 10 kwa kilo. Na usitangaze kutaifisha mahindi kama hujajua watapewa nini badala yake. Watayaficha, na usiku watayala.

Hata Marburg, homa ya virusi inayoambukiza, ilipotokea Kagera 2023, wagonjwa walikuwa 9 na waliokufa 6, lakini kazi kubwa ilikuwa kwa wazima zaidi ya 200 waliokuwa wamekutana nao, kila mmoja akifuatwa siku 21. Ukiona orodha ya wagonjwa ni ndefu kuliko ya waliokutana nao, jua kuna mtu hajatoka ofisini.

Na vitabu vya MTUHA, vya kuandikia takwimu za zahanati, ukivifungua, vile vya zamani, utakuta safu za sifuri zimenyooka mwezi hadi mwezi. Mwandiko kwenye baadhi utautambua. Sifuri zile si zote zilihesabiwa. Ukipewa sifuri, uliza: mlitafuta mkakosa, au hamkutafuta? Usimkasirikie anayejibu. Siku nyingine pikipiki haina mafuta.

Umewauliza wazima? Nitakuuliza swali hilo kila ukipiga simu, kabla ya kukuuliza kama umekula. Mama yako anasema nakusumbua. Mwambie ndiyo.

Kwenye begi jekundu nimekuwekea tochi, daftari mbili za mistari na kalamu za risasi, maana wino unafutika jasho likidondokea karatasi. Shangazi yako ataleta karanga, lakini zile zilizokunjamana na zenye ukungu zitoe. Usimpe hata kuku. Hapa tumegombana kidogo kuhusu hilo: mama yako alikuwa ametenga debe la mahindi meusi eti ni ya pombe ya jirani. Kuchachusha hakuondoi sumu yote. Nimeyafukia nyuma ya choo, naye hajaniongelesha tangu asubuhi.

Magunia mengine tumeyapima kwa chumvi. Chupa kavu ya kioo, vijiko vichache vya chumvi kavu, mahindi mpaka robo, tikisa dakika mbili, acha itulie dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Gunia la kwanza na la pili chumvi imeshuka chini safi. La tatu imeganda yote, kwa hiyo kesho linarudi juani, na turubai lako la bluu nalibakiza hapa mpaka likauke.

Baba yako