Kumleta Mama Ukunda

Ukunda, Jumapili

Shoga yangu Rehema,

Salamu zako zimenifikia, na habari za magoti ya Mama zimeniuma. Tangu uniambie anataka kufika kwao Msambweni kabla ya mfungo, nawaza safari hiyo tu.

Ndege ndiyo nyepesi kwake. Kutoka Wilson hapo Nairobi mpaka kiwanja chetu hapa Ukunda ni kama saa moja. Pesa ikiwapo, msisite. Ila kwa hesabu ulizonitajia, za watu watatu, naona mtapanda treni.

Basi chukueni ile ya saa mbili asubuhi, inayosimama vituo vya njiani. Miritini, stesheni ya Mombasa, mtafika alasiri, jua lingalipo. Behewa la kawaida ni shilingi 1,500. Kata tiketi mapema kwa simu, na jina la Mama uliandike kama lilivyo kwenye kitambulisho. Pale Syokimau, mnapopandia, kuna ukaguzi: mizigo inapangwa chini mbwa wainuse, halafu mashine, na kote huko ni kusimama. Fikeni mapema, umuulizie kiti cha magurudumu. Asione haya.

Mkikaribia Mtito Andei, mpe dirisha. Mama alipokwenda Nairobi kuolewa alipanda ile treni ya zamani ya usiku, Tsavo akaipita gizani. Safari hii awaone ndovu, wekundu kwa vumbi la kule.

Sasa hapa nisikilize sana, Rehema. Mkishuka Miritini, msiende Likoni. Najua feri ni bure kwa anayetembea kwa miguu, lakini ule mteremko wa kushukia ni mrefu, na jioni watu wanakwenda mbio wanasukumana. Hatauweza. Tutapita Dongo Kundu. Barabara ile inavuka maji kwa madaraja ya Mwache na Mteza, inatutoa Kibundani, upande wetu huku, feri hatujaiona. Kaka atakuja na gari, na mimi nitakuwa langoni nawangoja.

Feri nitampeleka mwenyewe siku nyingine, saa nne asubuhi, watu wakishapungua. Usichana wake wote aliivuka na nazi za kuuza Marikiti. Hawezi kuja Pwani akarudi bila kusimama pale ukingoni apigwe na upepo wa Kilindini.

Nijulishe siku na nambari ya behewa. Changu wa kupaka nimeshamwagiza mvuvi.

Wako,
Mwanaisha